Donge la Theluji Juu ya Kipoyi

Vijana mnaotafsiri sasa hapa Butembo na Beni mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilikuwaje. Nimestaafu juzi juzi tu, sauti bado ninayo, na wanaonijua watawaambia kwamba kuninyamazisha ni kazi kubwa kuliko kunisemesha. Habari za vyeo sitawapa, kwa sababu mtafsiri hana cheo cha kupanda. Anabaki palepale, nusu hatua nyuma ya bega la anayesema, na mvua ikinyesha yeye ndiye wa kwanza kulowa, maana mwavuli ni wa mgeni. Nitawasimulia habari za msemo mmoja wa Kiingereza. Uliniaibisha mbele ya watu siku yangu ya kwanza kazini, na katika safari yangu ya mwisho ulinipa furaha ambayo sijapata nyingine ya kuifananisha nayo.

Kiingereza sikukipata Butembo. Mama yangu mdogo aliolewa Bwera, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, nami nilipelekwa kwake nikiwa mtoto ili nisome huko. Wakonzo wa ule upande na sisi Wanande ni ndugu, lugha ni ileile ukiondoa majivuno kidogo ya kila mmoja. Nilirudi nyumbani na Kiingereza kinywani, na kwa muda mrefu hakikunifaa kitu. Nilikuwa nauza maharage sokoni kama wenzangu. Siku moja dereva wa lori kutoka Kampala aliyakanyaga maharage yangu kwa gurudumu, akashuka akinitukana. Nilimjibu kwa lugha yake mpaka akapanda tena garini mwenyewe, taratibu, akafunga na kioo.

Pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kijivu. Alikuwa Papa Paluku, mtafsiri wa mahubiri katika kanisa moja la Kiprotestanti, na siku za juma alikuwa akiwatafsiria wageni waliokuja kwa shughuli za kahawa, barabara na hospitali. Alingoja nimalize ugomvi ndipo akanikaribia.

"Mwana yangu, weye unajua kukasirika mu Kiingereza," aliniambia. "Kusema tu, kila mutu anaweza jifunza. Kukasirika, ile njo lugha. Kesho ukuye Beni, tutumike pamoja."

Nilimwambia mimi ni Mkatoliki. Akasema wazungu wa kahawa hawaulizi.

Basi siku yangu ya kwanza ilikuwa Beni, katika uwanja wa chama cha wakulima wa kahawa. Papa Paluku alinifundisha vyombo vya kazi kabla mgeni hajafika. Alinionyesha thermos ya tangawizi kwa ajili ya koo na viatu vya mpira vya kuingia shambani. Akaniambia nile vizuri asubuhi, kwa sababu mgeni akialikwa mezani atakula yeye, na mtafsiri atakuwa anaeleza jinsi chakula kilivyo kitamu. Hilo la mwisho limenisaidia maishani kuliko kamusi.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa imefunguka. Ninyi wa Beni mnajua zile asubuhi chache ambazo Ruwenzori anavua mawingu na theluji yake inaonekana nyeupe, na huku chini jasho linakutiririka mgongoni. Mnunuzi alikuwa mtu mrefu, mwekundu kwa jua. Alitembea kati ya kahawa iliyoanikwa chini kwenye udongo mtupu, akachota kiganjani, akanusa, akaitema kwa macho. Papa Paluku alikuwa na mafua. Pale pale akaanza kupiga chafya mfululizo, akaninyoshea kidevu kwamba niendelee mimi. Na mnunuzi akasema kahawa ile, kwa soko lake, haina hata nafasi ya donge la theluji jehanamu. Kwa Kiingereza chao: "a snowball's chance in hell."

Nilitafsiri neno kwa neno, kama mwanafunzi anayesoma ubaoni. Niliweka jehanamu, nikaweka theluji, na kwa Kinande theluji nikaiita kwa jina lake, nzururu, maana kwetu ni jirani na ina jina. Hilo "haina" dogo la kukanusha lilimezwa na chafya ya Papa Paluku, lakini hata lisingemezwa nadhani mambo yangekuwa yaleyale. Kulitokea kimya. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mbele aligeuka akatazama mlima. Akatazama vilele vyeupe vya kule juu, kisha bonde la Semliki linalochemka chini yake, kisha mnunuzi.

"Ile theluji hapana isha hata siku moja!" akapaza sauti. "Tangu babu betu iko pale na jua inaichoma! Asante Yesu!"

Vigelegele vikapigwa. Watu wakapeana mikono. Mnunuzi alibaki mdomo wazi. Nadhani alikuwa amekataa kahawa katika nchi nyingi, lakini hajawahi kuona watu waliofurahia kukataliwa namna ile. Papa Paluku alifuta pua, akapanda juu ya gunia, na ilimchukua muda mrefu kuwashusha watu kutoka kwenye furaha hadi kwenye ukweli. Kahawa ilianikwa upya juu ya meza za miti, kama mnunuzi alivyotaka, na msimu uliofuata ilinunuliwa. Kwa hiyo siwezi kusema yule mama alikosea sana, ingawa siku ile sikuona hivyo. Siku ile nilitaka ardhi inimeze.

Tukirudi Butembo, Papa Paluku alinionyesha kwa kidole mama aliyekuwa akipanda kilima kutoka upande wa Musienene, kikapo cha viazi mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso.

"Ile mama anafika soko. Batu bananunua kwake nini? Kikapo ao viazi?"

"Viazi, papa."

"Bon. Musemo ya muzungu njo kikapo. Weye toa viazi, upatie batu. Kikapo urudishie mwenyewe."

Hiyo ndiyo shule yangu yote. Tangu siku hiyo nikisikia msemo, kwanza nilijiuliza umebeba kilo ngapi. Huo wa theluji, viazi vyake ni hivi: haiwezekani, usijisumbue. Mwingereza hautumii kwa jambo lenye tumaini dogo. Kwa hilo ana misemo mingine. Huu anautumia akiwa ameshafunga mlango. Anautumia kati ya watu wanaozoeana, au akiwa amechoka, au amekasirika. Hutausikia mbele ya jeneza wala mbele ya askofu, kwa sababu jehanamu imo ndani yake na inanuka moshi kidogo. Mfaransa kwa shabaha hiyohiyo anangoja kuku waote meno, na hilo kwetu tuliosoma Kifaransa halitushangazi tena. Sisi tunasema tu "thubutu!" na kuendelea na safari. Na mfanyabiashara wa Butembo akikwambia atakuja kesho Mungu akipenda, usimpikie.

Kupima uwezekano ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii, ngumu kuliko sala na matusi. Nilikwenda Manguredjipa na mtaalamu wa mawe. Alitazama mto, akakuna kichwa, akasema labda kuna dhahabu. Nilisema "labda" kwa sauti yangu yote, kwa Kiswahili, kwa Kinande, hata nikaongeza "pengine" mbele na nyuma. Watu walikuwa wameshakimbilia majembe. Hakuna mtafsiri duniani anayeweza kulifikisha neno "labda" likiwa zima pale dhahabu inapotajwa. Na hospitalini ni kinyume chake. Daktari mgeni akisema kuna nafasi nzuri, familia wanatazama uso wako kwanza, na ukiwa una njaa siku hiyo wataanza kulia. Ndiyo maana nasema kuleni asubuhi.

Papa Paluku alifariki akiwa mzee, kitandani kwake, na mazishi yake yalitafsiriwa vibaya sana. Nilivumilia.

Sasa nifike Masereka. Ilikuwa safari yangu ya mwisho ya kazi. Kule juu kuna kituo cha afya chenye chumba cha kuzalia, na mkunga wake aliitwa Masika, mwanamke mfupi, mwepesi, asiye na subira na mtu yeyote isipokuwa wanawake wenye uchungu. Masereka kuna ukungu. Mchana wa mvua, ndani ya chumba kile chenye dirisha dogo, ulikuwa huoni mkono wako. Umeme haukuwepo. Paneli ya jua waliyopewa ilishindwa na ukungu mapema, kisha ikashindwa na wezi. Masika alizalisha kwa mwanga wa simu, na simu ilikuwa ya yeyote aliyekuwa karibu.

Nilifika huko na injinia Gordon, Mskoti, aliyekuja kuweka mashine ya umeme kwenye kijito kilicho chini ya kituo. Mtu mwema, mwenye ndevu nyekundu na maneno machache, mengi yakiwa ya kunung'unika. Siku tuliyofika, kabla sijakaa, Masika alinivuta mkono.

"Mama, uko na telephone yenye moto?"

Aliniingiza ndani. Mwanamke alikuwa amelala pale, msichana wa mimba ya kwanza, mtoto akikawia. Nilisimama nimeinua simu juu ya mikono ya Masika, na nikaona alama ya betri ikipungua, na Masika akawa ananiuliza bila kugeuka, "Ingali? Ingali?" nami namjibu ingali, ingali, hata pale ilipokuwa haingali tena. Taa ilizimika. Masika alimaliza kwa vidole gizani. Mtoto alitoka salama. Damu ya mama, Masika aliizuia bila kuiona, kwa kuipapasa. Tulipotoka nje alinawa mikono kwenye mvua, akanitazama.

"Leo Mungu alikuwa na macho kwa ajili yetu," akasema. "Mwezi ulipita hapana. Mama ya ule mwezi ulipita, tulimuzika pale ku mikaratusi."

Alionyesha kwa kidevu mahali penye mikaratusi kadhaa, kando ya njia. Basi nilijua mashine ile ni ya nini.

Mashine yenyewe ilikuwa bado iko chini, ndani ya lori. Mvua kubwa ilikuwa imebomoa barabara. Kipande kizima cha mlima kilikuwa kimeteremka, na palipokuwa na barabara pakawa na hewa. Lori halikuweza kupanda. Gordon alijaribu njia nyingine, lori lingine dogo zaidi, kisha ng'ombe, na ng'ombe wale walikataa kwa akili. Muda wake wa kukaa nchini ulikuwa unaisha. Walioitoa mashine walimwandikia kwamba kama haifiki, irudishwe Butembo, kuna kituo kingine tambarare kinachoingoja. Kila mtu pale alilijua hilo. Watu walikusanyika barabarani, mbele ya lile shimo, kwenye manyunyu, wasikie atasema nini. Masika alikuja na koti lake jeupe, kitenge kimefungwa juu yake.

Gordon alikuwa amelala ndani ya lori usiku wa pili huo, matope hadi magotini. Alitazama shimo, akatazama mlima, akatema mate, akanigeukia. Akasema kuifikisha mashine ile juu hakuna hata nafasi ya donge la theluji jehanamu.

Miaka yote ile ikanipitia kichwani, na yule mama wa Beni. Lakini mimi ni mtafsiri. Nilitoa viazi, nikaacha kikapo.

"Injinia anasema haiwezekani kabisa," nikawaambia.

Masika aliketi juu ya jiwe. Hakulia. Aliketi tu kama mtu aliyeambiwa angoje, na sikutaka kumtazama. Niliwahi kufikisha habari mbaya nyingi, ile iliniuma kuliko zote, kwa kuwa nilikuwa nimeishika simu ile mimi mwenyewe.

Ndipo akasogea Kambale. Kambale alikuwa mfyatua matofali, mtu wa makamo, mabega mapana, mdomo mpana zaidi. Alikuwa kiongozi wa wabeba kipoyi wa kilima kile. Kwa ambaye hajakulia milimani, kipoyi ni machela ya miti miwili na matete ambayo tunabebea wagonjwa kwenda hospitali, begani, watu wakipokezana. Kambale alinikazia macho.

"Mama Katungu. Anasema haiwezekani, ao anasema amechoka?"

Nawaapia, katika miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Na lilikuwa swali la haki. Msemo ule una mambo mawili ndani: kipimo cha jambo, na hali ya moyo wa anayesema. Mimi nilikuwa nimezoea kutoa la kwanza tu. Mtu anaposema labda, pengine, au hapana kabisa, mara nyingi anapima miguu yake mwenyewe, siyo mlima. Kuuliza si ujinga. Nilimgeukia Gordon nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa heshima, kama aliyoyasema ni hesabu au ni uchovu.

Nilifikiri atanifukuza kazi. Halafu akacheka, cheko fupi la mtu aliyelala ndani ya lori.

"Kwa lori, ni hesabu," akanijibu. "Yaliyobaki ni uchovu."

"Na bila lori?"

"Bila lori, kwa kitu gani?"

Nikamweleza kipoyi. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Uzito siyo tatizo, alisema, kama watu wapo. Tatizo ni kwamba moyo wa mashine ulisawazishwa katika karakana, Butembo, na huku juu hana vyombo vya kuusawazisha tena. Ukiuinamisha sana au ukaugongesha, umekufa. Na njia ile yote ni kupanda na kushuka. Nikatafsiri. Hapo sikuacha kitu, si viazi si kikapo.

Kambale alisikiliza hadi mwisho, kisha akageukia wenzake akicheka.

"Kumbe ni ile! Ni kama mama mwenye mutoto amelala mubaya ndani. Mwambie: ile tunajua. Mama wa namna ile hapana inamishwa. Mukipanda, ba mbele banamushika chini mu mikono, ba nyuma banamutia ku mabega. Mukishuka, munageuza. Tulibeba ba mama wangapi? Hata maji mu kikombe haimwangike."

Gordon alichukua chupa ya plastiki, akaijaza maji nusu, akailaza juu ya sanduku la mashine, akawaonyesha mstari wa maji. Usivuke hapa, usivuke pale. Wanaume waliitazama chupa wakaielewa kabla sijafungua kinywa. Nililipwa siku ile kwa kazi ambayo chupa iliifanya.

Lakini mambo hayakuisha hapo. Wazee wawili walikataa. Walisema kipoyi ni cha mtu. Kubebea chuma juu yake ni kumwita mgonjwa ambaye bado hajaugua. Na kuna sheria ya kipoyi, nyote mnaijua: hakipiti mbele ya nyumba ya mwanaume aliyekaa. Kila kitongoji kinakipokea kwenye mpaka wake, hata kama ni saa ya kula, hata kama mgonjwa ni mtoto wa adui yako. Asiyenyanyuka, siku yake ikifika atakwenda hospitali kwa miguu. Wazee wakauliza: kwa ajili ya chuma, nani atanyanyuka? Mtakibeba ninyi wa kitongoji kimoja hadi mtapike damu. Lilikuwa neno la kweli, na watu walianza kutazama chini.

Masika alisimama kutoka kwenye jiwe. Alifungua kitenge chake kiunoni, kile cha kufunikia wagonjwa wake, chenye maua ya manjano yaliyofifia. Akapanda kwenye lori bila kusaidiwa. Akaifunika mashine, akaifunga vizuri, akiacha mahali pa chupa tu.

"Huyu ni mugonjwa yangu," akasema. "Mwenye kukatala, akatale mbele yangu. Ba bibi benu bote mimi nabajua."

Hakuna aliyekataa. Mzee mmoja kati ya wale wawili alivua kofia.

Waliitoa mashine, wakaifunga juu ya miti minne badala ya miwili. Wakateremka kwenye shimo na kupanda upande wa pili, Kambale akitembea kinyumenyume mbele yao na kuimba hatua. Mimi nilikuwa kando, Gordon nyuma yangu akiikodolea macho chupa. Kwenye mpaka wa kitongoji cha kwanza, mtoto alikimbia akaita. Wanaume walikuja kutoka kwenye mashamba ya viazi, wakaona kitenge, wakaingiza mabega bila kuuliza. Wengine waliuliza baadaye, wakiwa tayari wamebeba, nani anaumwa. Kambale akawajibu: "Masereka." Wakaendelea.

Kitongoji kwa kitongoji ilikuwa hivyo. Kanisa letu lilipiga kengele. Waprotestanti hawana kengele pale, wana kipande cha rimu ya gari, nacho kikapigwa kwa nguvu zaidi, kwa wivu mtakatifu. Wanawake walileta ndizi na maji. Katika mteremko wa mwisho wa kijito, ukungu ukiwa umetufunika, mguu wa mtu mmoja uliteleza. Miti ikainama, maji ndani ya chupa yakakimbilia mwisho. Gordon alipiga kelele kwa Kiingereza na kujitupa chini ya mti, bega lake likaingia pale palipoachwa wazi. Alisema maneno ambayo sikuyatafsiri, na hayakuhitaji. Maji yakarudi kwenye mstari. Hakutoka chini ya mti ule mpaka tumefika, na kila alipoambiwa apokewe alitikisa ndevu.

Tulipoiweka chini kando ya kijito, Kambale aliichukua chupa, akaiinua watu wote waione, akaifungua akainywa. Sijawahi kusikia kelele ya furaha kama ile. Nami nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka, tangawizi ikiwa imeisha tangu kitongoji cha pili.

Kazi ya kufunga ilichukua siku zake: mabomba, nyaya, kunung'unika. Kisha ikafika siku ya kuwasha, na kwa kuwa sisi ni sisi, kulikuwa na hotuba. Alizungumza chifu, akazungumza padri, akazungumza mchungaji, kila mmoja akisema atasema maneno mawili. Taa ya chumba cha kuzalia ilikuwa inawaka tayari, mchana ule wenye ukungu, na watu walikuwa wanaitazama ile taa kuliko wasemaji. Mwishoni akasimama Gordon. Alisema aliwahi kusimama pale chini barabarani akasema mashine hii haina hata nafasi ya donge la theluji jehanamu, na sasa anataka mtafsiri wake awaambie watu maneno yale kama alivyoyasema.

Nilijua viazi vyake. Ningeweza kusema: alisema haiwezekani, naye anaona imewezekana. Lakini alikuwa ameomba kikapo. Kwa mara ya pili maishani mwangu nilikitoa kikapo kizima, theluji, jehanamu, vyote, na Kinande chake, nzururu. Kutoka Masereka Ruwenzori haonekani, lakini wote waliowahi kuuza viazi Beni wamemwona. Kulikuwa na kimya, kimya kilekile. Nilikitambua. Kisha Kambale akacheka kwa mdomo wake wote.

"Mwambie ile theluji iko ku Ruwenzori tangu babu betu," akasema. "Jua njo ilichoka."

Nilimtafsiria Gordon. Ilinibidi nikatize tafsiri katikati, kwa sababu nilikuwa nalia, na sioni haya kuliandika. Nilikuwa namfikiria Papa Paluku na mafua yake, na yule mama wa Beni aliyegeuka akatazama mlima. Gordon alishika mkono wa Kambale, hakuuachia. Watu walipiga makofi na vigelegele kama wale wa Beni, na safari hii hapakuwa na haja ya kumshusha mtu kutoka kwenye furaha yake.

Makofi yakiendelea, mlango wa chumba cha kuzalia ulifunguka, Masika akatoa kichwa.

"Mama Katungu! Kuya mbio! Kuko mama hapa, hapana weza ngojea hotuba yenu!"

Nilimwacha mgeni wangu bila mtafsiri, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakimbia. Niliingia, nikasimama mahali pangu karibu na kichwa cha kitanda, nikatoa simu, nikaiwasha, nikainua mkono juu ya mikono ya Masika. Hakugeuka.

"Zima ile telephone, mama," akasema. "Iko nanichoma macho."

Nikaizima, nikairudisha mfukoni.